Kabichi: Pesa ya jani la chini au uzito wa kichwa?

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Kabichi ni moja ya bidhaa chache za sokoni ambazo mnunuzi haulizi kilo. Huishika, huibonyeza kwa kidole gumba, huinyanyua kidogo kuona mkono unasemaje, halafu hutaja bei. Kwa wachuuzi wa Chikongola na mitaa mingine ya Mtwara mjini, mkono ndio mizani. Kichwa kizito kilichofunga barabara hupata bei ya kwanza. Kilichofunga kilegevu hupata bei ya pili, na vile vidogo kabisa huishia kwa mama lishe na wauza chipsi ambao watavikatakata hata hivyo. Mtu anayeweka fedha zake katika bustani ya kabichi, basi, amewekeza katika uzito wa kichwa. Kila kinachopunguza uzito huo ni gharama, hata kama hakikuandikwa kwenye daftari la shamba.

Wiki hii tunajibu swali la msomaji wetu wa Chikongola, mzee mstaafu aliyeweka sehemu ya kiinua mgongo chake katika robo eka ya kabichi bondeni. Miche yake imetimiza wiki ya sita tangu ipandikizwe. Ina majani mapana, na katikati ya kila mche majani machanga yameanza kujikunja kuelekea ndani. Kijana anayemtunzia shamba anataka kuanza kuchuma majani ya chini, mawili kwa kila mche, na baada ya siku kumi arudie. Kijana ana sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mmea ukipunguziwa majani ya chini, chakula chote kitapanda kwenye kichwa. Ya pili ni kwamba yupo mchuuzi aliye tayari kuyanunua majani hayo kwa mafungu, pesa taslimu, leo hii. Mzee anauliza kama akubali au akatae.

Kwa jani la kijani lenye afya, jibu ni kwamba akatae. Kwa jani la manjano, lenye ugonjwa au lililolala kwenye matope, akubali, tena afanye haraka. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu anayetakiwa kubishana na msimamizi wake, kwa hiyo tuingie ndani kidogo.

KIWANDA NA GHALA

Hoja ya kwanza ya kijana husikika karibu kila mahali panapolimwa kabichi, na kwa nje ina sura ya akili. Jani huonekana kama mlaji: liko kwenye mmea, linakunywa maji, linakula mbolea, basi likiondolewa walaji wamepungua. Kosa liko hapo mwanzoni. Jani la kijani linalopata jua ni mzalishaji. Hutwaa hewa ya ukaa, maji na mwanga, likatengeneza sukari, na sukari hiyo husafirishwa kwenda mizizini na kwenda kwenye majani machanga ya katikati.

Sasa tazama kichwa chenyewe. Ukikipasua kwa kisu utaona majani yaliyobanana, meupe au ya manjano hafifu, ambayo mwanga haujawahi kuyafikia. Majani hayo hayatengenezi chakula cha maana. Yanapokea. Kwa lugha ya biashara, kichwa cha kabichi ni ghala, na majani mapana ya nje ndiyo kiwanda kinacholijaza ghala hilo. Anayebomoa kiwanda ili ghala lijae haraka amepanga hesabu yake kinyume.

Ni haki kusema kwamba majani yote hayana kazi sawa. Jani la chini kabisa, lililozeeka na kufunikwa kivuli na wenzake, huzalisha kidogo kuliko la katikati. Wenye kutetea uchumaji hukimbilia hapa, na kwa kiasi wanasema kweli. Lakini kuna jambo wasilolihesabu. Jani linapozeeka mmea hauliachi lioze na mali yake ndani. Huvuta naitrojeni na virutubisho vingine kutoka jani kuukuu na kuvipeleka kwenye majani machanga. Ndiyo maana jani hugeuka manjano kabla ya kuanguka. Ukilichuma likiwa bado la kijani umeondoka na akiba ambayo mmea ulikuwa mbioni kuirudisha ndani. Ukisubiri likawa manjano kabisa, umechukua ganda tu.

Wakati nao una uzito wake. Mbegu nyingi za kabichi zinazouzwa nchini, kuanzia zile za zamani kama Copenhagen Market na Glory of Enkhuizen hadi chotara kama Gloria F1, huvunwa kati ya miezi miwili na mitatu baada ya kupandikizwa. Sehemu kubwa ya uzito wa kichwa huingia katika wiki za mwisho. Mche mchanga ukiliwa jani moja na kiwavi katika wiki ya tatu una nafasi ya kutoa majani mengine ya nje na kufidia. Mche ulioanza kufunga hauna nafasi hiyo tena, kwa sababu kila jani jipya linalozaliwa sasa linakwenda ndani ya kichwa na halitaliona jua. Majani ya nje uliyonayo siku kabichi inapoanza kujikunja ndiyo hayo hayo utakayovuna nayo. Mzee wetu wa Chikongola yuko hasa katika wiki hiyo.

Kama hasara ni ya kweli, kwa nini watu wengi wanaendelea kuchuma na kuapa kwamba inasaidia? Kwa sababu hasara yenyewe haionekani kwa macho. Anayechuma majani bado anavuna kabichi, na anaona vichwa. Hana mahali pa kuona vile vichwa ambavyo angevipata asingechuma. Hakuna daftari linaloandika mauzo yasiyotokea.

UKOO MMOJA, BIASHARA MBILI

Desturi hii ina chanzo kinachoeleweka. Sukuma wiki na kabichi ni mmea wa aina moja kwa ukoo; wataalamu huziweka chini ya jina moja la kisayansi, Brassica oleracea, pamoja na koliflawa na brokoli. Tofauti ililetwa na wakulima wenyewe, waliokuwa wakichagua mbegu kwa karne nyingi huko Ulaya. Waliopenda majani walibaki na yale yanayofuatana kwenye shina refu, na waliopenda kichwa wakachagua yale yanayojifunga.

Kwa sukuma wiki, kuchuma majani ya chini ndiyo mavuno yenyewe. Shina linaendelea kurefuka, juu linatoa majani mapya yanayoliona jua, na mkulima anazunguka bustani kila wiki kwa miezi kadhaa. Mtu aliyezoea mkono huo kwenye sukuma wiki au kwenye chainizi akihamia kabichi huhamia na mkono wake. Hajakosea kwa uvivu. Amekosea kwa kufuata kanuni sahihi katika duka lisilo lake.

Watu wa Kusini wanayo mifano ya karibu zaidi. Mama anayetaka kisamvu cha kila siku hajazi sufuria yake kutoka kwenye muhogo ule ule anaoutegemea kwa mizizi minene. Anajua muhogo uliochumwa mfululizo huchelewa kunenepa chini. Matembele ni vivyo hivyo, wapo wanaotenga tuta la majani na tuta la viazi. Kabichi inadai uamuzi wa namna hiyo, ila yenyewe huudai mapema zaidi na haisamehi sana.

Kwa mwekezaji mdogo tofauti hii ni ya mtiririko wa fedha. Sukuma wiki, chainizi na mchicha huleta shilingi chache kila wiki. Kabichi hufunga fedha kwa miezi mitatu na kuzirudisha kwa mkupuo. Anayehitaji pesa ya kila wiki ya mafuta ya pampu asiitoe kwenye kabichi. Atenge matuta mawili pembeni kwa mboga ya majani, na kabichi aiache ifanye kazi iliyopandiwa.

HESABU YA MZEE

Tufanye hesabu ambayo mzee anaweza kuikalia na kijana wake mezani. Bei zilizomo ni za kujifunzia. Kila msomaji aweke bei ya siku yake na ya soko lake.

Kwa nafasi ya sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, robo eka kwa karatasi hupokea miche kama 3,700. Toa njia, mifereji na kingo, tuseme imebaki 3,000. Tuseme tena mche mmoja kati ya kumi hauendi sokoni kwa sababu moja au nyingine. Vimebaki vichwa 2,700.

Upande wa majani: kijana anachuma mawili mawili mara mbili, yaani majani manne kwa mche, jumla 12,000. Fungu la majani 20 likiuzwa shambani kwa sh. 200, mafungu 600 yanaleta sh. 120,000. Ondoa siku za kuchuma, kamba na usafiri, tuseme sh. 40,000. Faida ya majani ni sh. 80,000. Si pesa ya kudharau, hasa kwa kuwa inakuja mapema.

Upande wa vichwa: tuseme kichwa cha daraja la kwanza na cha daraja la pili vinapishana sh. 300 shambani. Gawanya 80,000 kwa 300. Unapata vichwa 267, yaani takriban kimoja kati ya kumi. Kwa maneno mengine, kitendo cha kuchuma kikisababisha kichwa kimoja kati ya kumi kishuke daraja moja tu, pesa yote ya majani imekwisha na mzee amefanya kazi ya bure. Vikishuka viwili kati ya kumi, amepoteza kiasi kile kile alichodhani amekipata. Na kama wamekubaliana kugawana pesa ya majani nusu kwa nusu na kijana, mzee atakuwa ameanza kula hasara kichwa kimoja kati ya ishirini kikishuka, wakati kijana bado ana faida mfukoni. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Hapo hatujaweka ucheleweshaji. Mmea ulionyang'anywa majani hujaza kichwa polepole. Wiki moja zaidi shambani ni wiki moja zaidi ya petroli ya pampu, ya posho ya mmwagiliaji, na ya kukaa roho juu kwa wadudu. Kwa mwenye robo eka, wiki hiyo peke yake inaweza kumega sehemu nzuri ya zile sh. 80,000.

PWANI INA UGUMU WAKE

Kabichi ni zao la ubaridi. Hufunga vizuri zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20, na linapozidi 25 kwa muda mrefu vichwa huwa vilegevu na huchelewa. Mtwara haina ubaridi wa Njombe. Hata katika miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo nafuu yetu, mchana wake bado ni wa pwani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo kabichi ya hapa ni zao la kiangazi na la kumwagilia, kwenye mabonde na kingo za mito, zaidi katika udongo wa kichanga usioshika maji.

Katika mazingira hayo jani la chini lina kazi ya pili. Linafunika ardhi. Kivuli chake hupunguza joto la udongo kuzunguka shina na kuzuia maji yasiruke upesi. Ukilitoa, jua la saa saba linapiga mchanga moja kwa moja, na kesho yake unatakiwa kuongeza ndoo. Mkulima wa Lushoto akikosea hapa hali ya hewa inaweza kumsamehe kidogo, na wa Mtwara hana msamaha huo. Anayetaka hewa ipite kati ya miche aipate kwa kuzingatia nafasi wakati wa kupandikiza na kwa kupalilia. Anayetaka udongo usipasuke atandaze nyasi kavu.

Ushindani nao upo. Kabichi ya nyanda za juu hushuka kwa malori na kuuzwa katika soko hilo hilo. Kabla Daraja la Mkapa la Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, mizigo ya kutoka Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Ndundu, na masika ilikuwa hadithi nyingine. Leo kuna daraja, na upande wa Songea, Tunduru na Masasi kuna lami. Hiyo ni habari njema kwa mlaji. Kwa mkulima wa bonde la Mtwara maana yake ni kwamba kichwa chake kidogo kitapangwa mezani kando ya kichwa kikubwa cha mgeni, na mnunuzi atanyanyua vyote viwili. Barabara hukatika pia: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa na malori yakakwama. Siku kama hizo mwenye kabichi ya hapa hapa ana nguvu sokoni. Lakini hawezi kuzipanga, na akiwa amechelewa wiki mbili kwa sababu ya majani, huenda zikampita vichwa vyake vikiwa saizi ya ngumi.

JANI LA KUTOA NI LIPI?

Yapo majani ambayo kuyaacha ni kosa. La kwanza ni la manjano kabisa au lililokauka, kwa sababu halina tena cha kutoa na hugeuka maficho ya konokono. La pili ni lile lililolala kwenye udongo wenye maji na kuanza kuoza. La tatu, na ndilo la hatari, ni lenye dalili za uozo mweusi.

Uozo mweusi huletwa na bakteria, nao hupenda joto na unyevu, yaani hupenda pwani. Dalili yake haifichiki ukishaijua: doa la manjano linaloanzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa umbo la herufi V, huku mishipa iliyo ndani ya doa ikiwa myeusi. Ukikata kikonyo utakuta viduara vyeusi. Bakteria hao huja na mbegu, hubaki katika mabaki ya mazao, huruka na matone ya maji, na huingia kwenye jani kupitia vitundu vya ukingoni na kupitia majeraha. Neno majeraha lisomwe mara mbili. Kila jani linalovunjwa huacha jeraha shinani. Kijana anayepita mstari mzima asubuhi na umande, akivunja majani mawili kwa kila mche kwa mkono ule ule, anaweza kuutoa ugonjwa kwenye mche wa tatu na kuugawa hadi wa mia tatu kabla ya chai.

Kwa hiyo jani la ugonjwa litolewe mimea ikiwa mikavu, jua likishapanda. Miche yenye afya ishughulikiwe kwanza na ile inayoshukiwa iwe ya mwisho. Jani lisukumwe chini karibu na shina mpaka livunjike lenyewe, lisivutwe likachuna ngozi ya shina. Kama ni kisu, kisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kati ya mche na mche. Majani yatoke shambani kabisa, yafukiwe mbali au yachomwe, yasitupwe kwenye mfereji wa maji ambako yatarudi kwa kumwagilia. Mche ambao dalili zimeshapanda kwenye majani ya katikati ung'olewe mzima. Kuupunguza majani ni kupoteza muda. Shamba hilo lisirudiwe kabichi, sukuma wiki wala chainizi kwa misimu kadhaa. Wataalamu hushauri miaka miwili hadi mitatu.

Kabla ya kutupa jani la manjano, litazame. Majani ya chini ndiyo yanayotoa taarifa ya kwanza kuhusu hali ya shamba. Yakigeuka manjano kwa usawa, mstari mzima, na mmea umedumaa, mara nyingi naitrojeni imepungua na mche unajikopa wenyewe. Dawa yake ni mbolea ya kukuzia pamoja na maji ya kutosha, maana kwenye mchanga mbolea huzama upesi, na ni heri kuiweka kidogo kidogo mara mbili au tatu. Yakibaki na mishipa ya kijani huku katikati ya mishipa pamepauka, huenda ni magnesi. Yakiwa na mabaka na chini yake kuna unga mweupe kama unyoya, ni ubwiri unyoya. Yote haya ukiyachuma tu bila kuyasoma, shamba litaonekana safi na tatizo litabaki.

Kuhusu wadudu, wengi huamini kuchuma majani ya chini huondoa viwavi. Viwavi wa nondo mgongo wa almasi, adui mkubwa wa kabichi Afrika Mashariki, hukaa upande wa chini wa majani ya umri wote na hufuata yale laini ya katikati. Vidukari hujikusanya kwenye mikunjo ya moyo wa mmea. Utawakuta kwa kukagua, kwa kugeuza majani mara mbili kwa wiki. Kupunguza majani ya chini hakuwafikii.

Na hapa kuna jambo linalomhusu mchuuzi wa majani na wateja wake. Majani ya nje ndiyo yanayopokea dawa nyingi zaidi bomba linapopita. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina lebo, na kwenye lebo kuna idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Mkulima wa kabichi huhesabu siku hizo kwa kichwa atakachovuna baada ya mwezi. Anayeuza majani katikati ya msimu, siku tatu baada ya kupulizia, amelipeleka sufuriani jani lililobeba dawa kuliko sehemu yoyote ya mmea. Mteja wa Chikongola hataiona dawa hiyo kwa macho. Hata kama hesabu ya vichwa ingekubali, sababu hii peke yake inatosha kumrudisha mchuuzi nyuma.

SIKU YA KUVUNA

Kazi ya jani la nje haiishi shambani. Kata kichwa kwa kisu kikali na ukiachie majani matatu au manne ya kukifunika. Hayo ndiyo karatasi ya kufungia mzigo: yatapokea michubuko ya gari, jua la mezani na vidole vya wateja. Mchuuzi atavua moja leo na jingine keshokutwa, na kichwa kitaendelea kuonekana kipya. Kabichi iliyochumwa majani msimu mzima hufika sokoni uchi, na kila jani linalovuliwa hapo ni jani la kichwa chenyewe, yaani uzito uliolipiwa. Wafanyabiashara wa jumla wanalijua hili na huliweka kwenye bei bila kulitamka.

Baada ya kukata kichwa, shina lenye majani yake ya chini likiachwa na kumwagiliwa hutoa vichipukizi vya pembeni, na vingine hujifunga vichwa vidogo vya kutosha mboga ya nyumbani au genge. Sasa ndipo majani ya chini yanapoweza kuuzwa au kupewa kuku na mbuzi, siku za dawa zikiwa zimepita, na bila kumega kichwa chochote. Sharti ni shamba liwe halikuwa na uozo mweusi. Kama ulikuwepo, mashina yote yang'olewe.

Asiyeamini maelezo haya asituamini sisi, apime. Mzee achague mistari miwili inayofanana, isiwe mmoja kando ya mfereji na mwingine kavuni. Achukue miche 20 katika kila mstari na kuifunga kamba. Mstari wa kwanza uchumwe kama kijana anavyotaka, wa pili usiguswe isipokuwa majani ya manjano na ya ugonjwa. Siku ya kuvuna kila kichwa kipandishwe kwenye mizani na tarehe iandikwe. Gharama ya jaribio hilo ni kamba na mizani ya kuazima, na matokeo yatakuwa ya udongo wake, mbegu yake na maji yake.

Imebaki ile hesabu ya nusu kwa nusu. Kijana wa mzee, kama tulivyoelewa, analipwa siku ya mavuno tu. Ana miezi mitatu ya kula kabla ya hapo, na jani la chini ndilo shilingi pekee anayoweza kuigusa sasa. Akikatazwa bila kupewa njia nyingine, atachuma jioni mzee akiwa nyumbani, na hatutamshangaa. Tunamshauri mzee akae naye na kupanga upya: posho ndogo ya kila wiki itakayokatwa kwenye fungu lake la mavuno, matuta mawili ya sukuma wiki pembeni yawe ya kijana mwenyewe, na mashina yote baada ya kuvuna yawe mali yake. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye daftari lile lile la mbolea na petroli, na yaanze wiki hii, kabla ya majani ya katikati kuzidi kujikunja.